Kaka yangu ameuza shamba la babu kando ya lami: je, bei hii ni nzuri?

Kwa Mshauri,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi na kufanya kazi mjini Nakuru, lakini nyumbani kwetu nilikozaliwa ni Sabatia, kaunti ya Vihiga, kando ya barabara ya lami itokayo Chavakali kuelekea Kapsabet. Shamba letu ni ekari nne, na hati miliki ingali katika jina la babu aliyefariki mwaka 1984. Nyanya alimfuata miaka michache baadaye. Babu aliacha wana wawili, yaani baba yetu na baba mdogo, pamoja na mabinti wawili walioolewa Kakamega na Bungoma. Alipokuwa hai aliwagawia wanawe shamba kwa kupanda mstari wa miti ya lusiola katikati, baba akapewa upande wa juu unaopakana na barabara, naye baba mdogo akapewa upande wa chini hadi kijitoni. Mpaka huo haujawahi kuzozaniwa, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyewahi kwenda mahakamani wala kumwita mpimaji wa ardhi. Baba alifariki mwaka 2015. Tuliobaki ni mama, kaka zangu wawili, dada yangu na mimi.

Mwezi uliopita mama alikuwa akichuma majani chai alipowaona wanaume watatu wakivuta utepe wa kupimia kutoka barabarani hadi karibu na makaburi ya babu na baba. Alipowauliza wanafanya nini, walimjibu kwamba wametumwa na mwanawe mkubwa. Hivyo ndivyo tulivyopata habari. Kaka mkubwa, akisaidiwa na dalali wa pale sokoni, amekubaliana na mtu anayefanya kazi Kisumu amuuzie ekari moja na nusu kwa shilingi milioni 2.4 kila ekari, jumla milioni 3.6. Amekwisha kupokea shilingi 300,000, na mkataba umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya foolscap mbele ya liguru, yaani mzee wa mtaa, kaka mdogo akiwa shahidi.

Kaka anasema hajatenda lolote baya. Anasema jirani yetu aliuza kipande kama hicho kwa chini ya nusu ya bei hii kabla ya janga la korona, kwa hiyo sisi tumebahatika. Mpango wake ni kwamba tubakize nusu ekari yenye nyumba ya mama, kisha fedha zitumike kununua ekari nne Lugari, kaunti ya Kakamega, ambako ameambiwa ekari ni shilingi 900,000, tulime mahindi ya kutosha badala ya kubanana hapa. Dalali naye anamhimiza kwamba mnunuzi akiondoka hatapatikana mwingine, kwa kuwa uchaguzi wa 2027 unakaribia na bei itashuka, ingawa ni yeye huyo huyo anayesema kwamba bei ya ardhi haishuki kamwe. Mimi na dada tumeambiwa kwamba tutapewa kitu kidogo, kwa sababu sisi tumeolewa na tuna kwetu.

Naomba unieleze kama bei hii ni nzuri, na kama ni kweli bei za mashamba ya mashambani zinaelekea juu au chini. Je, ni busara kuuza Vihiga na kununua Lugari? Je, mimi binti niliyeolewa nina neno katika jambo hili? Tena zile 300,000 tufanye nazo nini, maana kaka amekwisha kulipia karo ya watoto wake? Sitaki kugombana naye, lakini mama halali usiku.

Binti wa Sabatia, Nakuru

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, ahsante kwa kueleza jambo lenu kwa ukamilifu. Umeanza na bei, nami nitaanzia hapo, kwa sababu ndiyo iliyomvuta kaka yako, na kwa sababu naamini kwamba hata kwa hesabu ya bei peke yake, kabla hatujaifikia sheria, mpango huu hauwafai.

Ni kweli kwamba ardhi ya Vihiga imepanda bei sana. Sababu ya kwanza ni watu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, msongamano ambao kwa kaunti zisizo za jiji hauna mfano wake nchini. Sababu ya pili ni kwamba tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, ofisi, zabuni na mishahara imesogea karibu na vijiji, na wafanyakazi hao wanatafuta mahali pa kujenga. Ongezeni vyuo, kama Kaimosi, Maseno na Masinde Muliro, ambavyo vimeleta wanafunzi wanaotafuta vyumba vya kupanga, pamoja na wana wa nyumbani walio Nairobi na ng'ambo wanaotaka kujenga kabla ya kustaafu. Hao wote hawanunui ardhi ili walime. Wananunua mahali panapofikiwa na gari na umeme.

Hilo ndilo linalonifanya niitazame milioni 2.4 kwa jicho la pili. Tuseme shamba limevunwa vizuri na kutoa magunia 20 ya mahindi kwa ekari, na gunia la kilo 90 likauzwa kwa shilingi 3,500. Hizo ni shilingi 70,000 kabla ya kutoa mbegu, mbolea, palizi na usafiri. Hakuna mkulima atakayelipa milioni 2.4 ili apate mapato hayo. Kwa hiyo bei mliyopewa si bei ya shamba la kulima. Ni bei ya kando ya lami, na mtu anayenunua kando ya lami huhesabu ploti, hahesabu ekari. Ekari moja ikikatwa ploti za futi hamsini kwa mia moja, hutoa takribani ploti nane pamoja na njia ya kupitia. Gawanya milioni 2.4 kwa nane upate shilingi 300,000. Sasa mwombe dada yako aende Chavakali awaulize watu watatu walionunua, wala si wanaouza, kama kuna ploti inayotazama lami waliyoipata kwa laki tatu. Majibu yao yatakuambia juu ya bei kuliko lolote atakalosema dalali.

Nasema walionunua kwa makusudi. Bei inayotajwa sokoni ni ile muuzaji anayotamani, na bei iliyolipwa ni nyingine, mara nyingi ya chini na iliyolipwa kwa awamu. Zile ripoti za bei ya ardhi zinazonukuliwa magazetini, kama zile za kampuni ya HassConsult, hupima vitongoji vya Nairobi na miji inayouzunguka, kama vile Kitengela, Ruiru na Juja. Hazipimi Sabatia wala Lugari. Ndiyo maana kijijini bei huenda kwa uvumi: mtu mmoja aliyeuza kona ya sokoni kwa fedha nyingi hufanya kila mwenye shamba ndani kabisa ataje bei hiyo hiyo, na baada ya hapo shamba hilo la ndani hukaa miaka bila mnunuzi. Mkitaka kujua thamani halisi, mtafuteni mthamini aliyesajiliwa aandike ripoti. Ada yake haitawatisha mkiilinganisha na milioni 3.6.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako imelitaja kwa kupita, nami limenishtua. Wale wanaume walivuta utepe kutoka barabarani kuingia ndani. Ikiwa ekari moja na nusu inayouzwa ndiyo inayogusa lami, basi nusu ekari mtakayobaki nayo itakuwa nyuma ya ukuta wa mtu mwingine. Mama atapita wapi? Baba mdogo, ambaye shamba lake liko chini hadi kijitoni, atapitisha wapi ng'ombe na majani chai yake? Nusu ekari isiyo na njia haiwezi kuuzwa kwa bei ya milioni 2.4 kwa ekari, wala kwa nusu yake. Yaani mtakuwa mmeuza thamani ya ekari zote nne na kulipwa ya moja na nusu. Hata kama siku moja mtakubaliana kuuza sehemu, uzeni kipande chembamba kinachotoka barabarani kurudi nyuma kwa upande mmoja, nanyi mbaki na uso wenu wa lami pamoja na njia iliyochorwa kwenye ramani ya mpimaji.

Kuhusu kama bei zinapanda au zinashuka, ukweli ni kwamba hazitembei pamoja. Kando ya barabara na karibu na vyuo zimepanda. Katika ukanda wa miwa upande wa Mumias, ambako kiwanda cha sukari kiliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kukusanya madeni, mwaka 2019, familia nyingi zilikodisha au kuuza mashamba kwa sababu ya shida, na anayeuza kwa shida hachagui bei. Huko Nakuru unakoishi umejionea mwenyewe jinsi mji ulivyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na jinsi kila tangazo la kupanua barabara ya kuelekea Mau Summit linavyowafanya wenye ploti kupandisha bei siku hiyo hiyo. Habari za reli ya SGR kufika Kisumu nazo zimekuwa zikipandisha bei tangu kabla ya taruma hata moja kulazwa magharibi ya Naivasha. Bei inayopanda kwa tangazo inaweza kukaa palepale miaka mingi tangazo lisipotimizwa, na aliyenunua kwa mkopo ndiye anayeumia.

Uchaguzi nao una athari yake, sitalikana hilo. Kadiri kura inavyokaribia wanunuzi hushikilia fedha zao, na katika maeneo kama Molo na Kuresoi, yaliyopigwa na machafuko ya 1992 na ya baada ya uchaguzi wa 2007, watu waliouza kwa woga waliuza kwa hasara kubwa. Hata hivyo, Sabatia haijawa mahali pa kukimbiwa, na mwenye shamba asiyedaiwa halazimiki kuuza mwaka ambao wanunuzi ni wachache. Dalali akisema bei haishuki kamwe, anawapa sababu ya kungoja. Akisema itashuka mwakani, anawapa sababu ya kuharakisha. Yeye hulipwa mauzo yakifanyika, na hilo ndilo linalounganisha kauli zake mbili.

Sasa Lugari. Familia nyingi za Vihiga zimehamia huko na Trans Nzoia tangu mashamba ya walowezi yalipogawanywa katika miaka ya 1960, na wengi wao wamefanikiwa. Silipingi wazo lenyewe. Ninachopinga ni hesabu. Milioni 3.6 ikinunua ekari nne kwa 900,000, imekwisha yote kabla hujalipa ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2 ya thamani, yaani shilingi 72,000, na kabla ya wakili, mpimaji, dalali wa huko, nyumba, kisima na mbegu za msimu wa kwanza. Halafu jiulizeni ekari hizo zitakuwa za nani. Kama fedha zitagawanywa kwa haki, mko watano pamoja na mama, na kila mmoja anapata shilingi 720,000, ambazo hazinunui hata ekari moja ya Lugari kwa bei aliyoitaja kaka yako. Kama hazitagawanywa, basi kaka anajinunulia shamba kwa urithi wa watu watano. Simsingizii nia mbaya, huenda hajakaa chini kuipiga hesabu hii. Ipigeni pamoja naye, kwa kalamu na karatasi.

Kama anaamini Lugari kweli, na akodishe ekari mbili huko kwa msimu mmoja. Ataijua ardhi, atawajua majirani, atajua mvua inavyonyesha na lori la mahindi linafika vipi, na atasikia bei halisi kutoka kwa wenyeji. Atajua pia mashamba yapi yana matatizo, kwa maana katika skimu za makazi kuna yenye mkopo wa serikali ambao haujamalizwa kulipwa, na kuna vipande vinavyouzwa kutoka kwenye hati mama, yaani hati ya shamba zima, ambayo haijagawanywa, ambapo mnunuzi huishi miaka kumi akiwa na karatasi ya makubaliano tu.

Hayo ni ya bei. La sheria ni zito zaidi, na hapa nakuomba usome polepole.

Shamba hili bado ni la babu. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakataza mtu yeyote kuuza, kugawa au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na kifungu cha 45 kinalifanya kuwa kosa la jinai lenye faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama haruhusiwi kuuza ardhi kabla hati yake ya usimamizi haijathibitishwa. Kaka yako hana hati yoyote. Alichouza ni matumaini, na mnunuzi amelipa 300,000 kwa matumaini hayo. Mweleze hivyo kwa upole, kwa sababu huenda anaamini kwamba sahihi ya liguru inatosha. Liguru ni shahidi mwema wa mpaka na wa ukoo, lakini hana uwezo wa kuhamisha ardhi.

Tena kuna shangazi zenu. Babu alifariki mwaka 1984, na Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, kwa hiyo mali yake inafuata sheria hiyo. Kwa mtu aliyefariki bila wosia na bila kuacha mjane aliye hai leo, kifungu cha 38 kinawapa watoto wake mafungu sawa, wana kwa mabinti, walioolewa na wasioolewa. Mahakama ya Rufaa ililieleza jambo hili waziwazi mwaka 2005 katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, na Katiba ya 2010 ikalitia nguvu katika Ibara ya 27. Hesabuni basi: ekari nne, watoto wanne wa babu. Shangazi wakidai haki yao, fungu la baba yenu linaweza kuwa ekari moja, ilhali kaka yako ameuza moja na nusu. Mahakama inaweza kuutazama ugavi alioufanya babu akiwa hai, na ile miti ya lusiola ina uzito kama ushahidi, lakini si jambo la kulitegemea unapopokea fedha za mtu. Wengi wa shangazi wa huku kwetu, wakiendewa kwa heshima na kuelezwa, hukubali kuwaachia wana wa kaka yao na kutia sahihi mahakamani. Wakipitwa kimya kimya, huja na wakili.

Sheria hiyo hiyo inakujibu wewe na dada yako. Katika fungu la baba yenu mna haki sawa na kaka zenu, na kuolewa hakuiondoi. Mama naye, akiwa mjane, ana haki ya kulitumia fungu lote la mumewe maisha yake yote, na ardhi hiyo haiwezi kuuzwa katika uhai wake bila idhini ya mahakama, hata watoto wote wakikubali. Mwambie mama jambo hili leo hii. Huenda likampa usingizi.

Njia sahihi ni ndefu lakini inapitika. Mnaanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote wa babu bila kumwacha yeyote, wakiwemo shangazi na baba mdogo. Baba mdogo na mmoja wenu upande wa baba, nami ningependekeza awe mama au wewe, wanaomba usimamizi katika mahakama ya Vihiga. Ombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi sita. Ombi la mali ya baba huwasilishwa pia. Baada ya uthibitisho mpimaji hukata shamba kulingana na mafungu, kwa idhini ya kaunti, na kila upande hupata hati yake. Hapo ndipo mtu anaweza kuzungumza juu ya kuuza.

Hata wakati huo, shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo huketi katika ofisi za kaunti ndogo chini ya naibu kamishna wa kaunti. Sheria yake ya mwaka 1967 inataka ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa, na bila idhini mauzo huwa batili. Mkataba uandikwe na wakili, na bei itajwe yote kama ilivyo. Kuna watu hushawishiwa waandike bei ndogo ili ushuru upungue, na mambo yakiharibika hubaki wakidai kile tu kilichoandikwa. Ulizeni pia mapema kama shamba limo ndani ya mipaka ya manispaa, kwa sababu ndani ya manispaa ushuru wa stempu ni asilimia 4, na muuzaji anaweza kutozwa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Shamba la kilimo lisilofika ekari 50 lililo nje ya manispaa na miji iliyotangazwa limesamehewa kodi hiyo.

Makaburi sijayasahau. Kufukua kaburi kunahitaji kibali cha serikali, na mnunuzi anayesema leo kwamba hayamsumbui anaweza kusema mengine akianza kujenga vyumba. Mpimaji atakapokuja, makaburi yabaki katika kipande cha familia, pamoja na njia ya kuyafikia.

Nimalizie na zile 300,000. Mauzo yasiyo halali hayampi mnunuzi ardhi, lakini yanampa haki ya kudai fedha zake kama deni, na deni hilo ni la aliyezipokea. Si la mama wala lako. Hata hivyo, ningewashauri mmsaidie kaka yenu kulilipa, kwa kuwa mnunuzi akichoka kungoja anaweza kwenda polisi. Mwandikieni kupitia wakili kwamba makubaliano hayawezi kutimizwa, mkubaliane tarehe za kurejesha, mlipe kwa benki na kila mara mpate risiti yenye sahihi. Mnunuzi asiruhusiwe kuweka ua, kuchimba msingi wala kung'oa hata shina moja la chai. Majani chai ya mama yanayopelekwa kiwanda cha chai cha Mudete yanamlipa kila mwezi pamoja na bonasi ya mwaka, na karo ya mtoto si mara ya kwanza kutoka hapo.

Mketi na kaka yenu nyumbani, mama akiwepo, baba mdogo akiwepo, na shangazi wakialikwa. Usianze na sheria. Anza na ile hesabu ya 720,000 na swali la njia ya mama, kisha umwombe yeye kama mkubwa awaongoze kwenda kwa chifu kuchukua barua. Akikubali, mtakuwa mmeokoa shamba na undugu kwa wakati mmoja. Akikataa, chukua namba ya shamba kutoka kwenye hati ya babu, fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi ya Vihiga ili uone kama kuna lolote lililoandikwa, na uombe kuwekewa kizuizi, kile ambacho wengi hukiita kaveati, ukiwa mrithi mwenye maslahi. Nenda ukiwa na kitambulisho chako, cheti cha kifo cha babu na cha baba, pamoja na nakala ya ile karatasi ya foolscap.